Rehema Alikuwa na Mama Yake

Siku ile ya gulio haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa miaka imepita na mvi zimenijaa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya maduka. Niliacha karoti zangu kwa jirani pale sokoni Lushoto, nikapanda na mume wangu Athumani mpaka ofisi ya ustawi wa jamii kumpokea mtoto. Nimesikia wewe na mwenzio nanyi mmejaza fomu za kuwa walezi wa kambo. Nimefurahi sana. Lakini kabla hamjaletewa mtoto, kaa nikusimulie yangu, maana hata ndugu zangu wa damu hawayajui yote.

Nilikuwa nimezika watoto wawili. Wa kwanza hakufikisha arobaini. Wa pili, Mwanahawa, alitimiza miaka minne, akaondoka kwa homa ya siku tatu. Baada ya hapo sikushika mimba tena. Athumani hakunilaumu hata siku moja, Mungu amrehemu, lakini nyumba ile ilikuwa kimya, na mimi kimya kile nilikichukia.

Mtoto aliyetungoja ofisini aliitwa Rehema. Alikuwa na miaka tisa, sweta yake ya shule imechanika kiwiko, nguo zake zote ziko kwenye mfuko wa rambo. Alitusalimia shikamoo kwa sauti ya chini hata Athumani akainama kumsikia. Afisa alikuwa mama mmoja mtu wa Tanga mjini, hana haraka. Alifungua faili akasoma, kisha akalifunga akanitazama.

"Bi Zaina, mtoto huyu ana mama yake. Anaumwa figo, amelazwa Tanga. Ndugu pekee wa mama huyo ni mdogo wake wa kike aliyeko Mazinde, na kwa sasa ana mgonjwa ndani, hawezi kumlea mtoto. Wewe ni mlezi, hujapewa mtoto awe wako. Ana haki ya kubaki na jina lake, kusoma, kuongea na mama yake na kumtembelea. Na tukiamua jambo lolote linalomhusu, naye aulizwe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Nikatia saini. Sheria ya Mtoto bado ilikuwa ngeni masikioni mwetu, lakini nisijifiche hapo. Yule mama alinieleza kwa Kiswahili chepesi, na mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama nywele za mtoto, nawaza nitazisuka vipi.

Usidhani nilimtesa. Alikula alichokula kila mtu, alivaa vizuri, hakuna siku ya shule niliyompeleka shamba. Majirani walinisifu, na sifa zile zilinilevya. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuliona kosa langu.

Haukupita mwezi nikaanza kumwita Mwanahawa. Athumani alinivuta pembeni, tukiwa tunapalilia kabichi.

"Zaina, mtoto ana jina lake."

"Hili analipenda."

"Umemuuliza?"

Nikaendelea kupalilia. Rehema akazoea kuitika, lakini kila nilipomwita alichelewa kidogo, akatazama huku na huku kama anayetafuta aliyeitwa.

Mama yake alikuwa akipiga simu kila Jumapili, kwa simu ya muuguzi mmoja. Mwanzoni niliwaacha waongee. Mtoto alikuwa akicheka naye, anamweleza habari za shule, anachanganya Kiswahili na Kishambaa, kisha simu ikikatika anakwenda kukaa kizingitini na chakula anakiacha kinapoa. Nikajiambia simu zile zinamuumiza. Huo ndio uongo niliojidanganya, mwanangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Kwangu hakuwahi kucheka vile.

Basi nikaanza visingizio. Mama yake akipiga, nasema mtoto yuko madrasa. Wiki inayofuata, ametumwa kisimani. Rehema akiniuliza, "Mama hajapiga?" namjibu, "Hajapiga. Mama yako ana mambo yake." Baada ya miezi kadhaa akaacha kuuliza. Nikaona amenizoea, nikafurahi. Leo nikikumbuka furaha ile naona haya hata nikiwa peke yangu.

Afisa alikuja kututembelea mara mbili. Mara ya pili aliomba akae na mtoto faragha. Nikaenda jikoni, lakini mlango niliuacha wazi, na kila baada ya muda nikakohoa ili mtoto ajue nipo. Afisa alipomuuliza kama anaongea na mama yake, Rehema akasema, "Sina shida." Angesema nini, na mimi nasikia kila neno?

Ilipofika masika, nilikuwa mtoni naosha karoti, simu ikaita. Safari hii muuguzi alinisalimia tu, akampa mgonjwa mwenyewe. Alikuwa anahema kama mtu anayepanda kilima.

"Dada, niletee mwanangu nimwone. Na kama huwezi, basi mwambie sijamtupa. Mwambie naumwa tu."

"Jumamosi tutakuja," nikamwambia.

Ijumaa jioni nikamwambia Athumani kwamba mvua imeporomosha udongo pale Soni, magari ya kushuka Mombo hayapiti. Udongo ulikuwa umeporomoka kweli, lakini tangu asubuhi barabara ilikuwa imefunguliwa, na mimi nilikuwa najua. Kwa nini sikumpeleka? Nilijua akimwona mama yake hatarudi kwangu vile nilivyotaka arudi. Jumamosi ile nzima nilimsuka nywele. Alilala mapajani kwangu, ametulia, hajui kitu.

Jumatatu mama yake alifariki. Maiti ilipelekwa Mazinde kwa mdogo wake, ikazikwa siku ileile. Afisa alipata habari kesho yake, akaja kwetu kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Alimketisha mtoto, akamwambia taratibu, bila kuzungukazunguka. Rehema hakulia. Alinigeukia mimi.

"Mama aliniita?"

Ningeweza kusema kweli. Hata pale, mwanangu, nafasi nilikuwa nayo.

"Hapana," nikasema.

Afisa akanigeukia. "Bi Zaina, nimeongea na muuguzi. Mama mtu alikupigia wiki iliyopita, ukamwahidi Jumamosi."

Athumani alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kofia yake, akaishika mikononi, akainamisha kichwa. Mimi nikanyoosha mkono nimshike mtoto.

"Mwanahawa..."

"Naitwa Rehema," akasema.

Hakupiga kelele, alisema tu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na nguo zake, akaenda kusimama karibu na afisa.

Shauri lilikwenda Mahakama ya Watoto ili iamuliwe atakaa wapi. Nilidhani nitakuta kizimba na askari. Kilikuwa chumba kidogo tu, hakimu hana joho, na Rehema kaketi karibu naye na afisa pembeni. Nikaambiwa nisubiri nje, mtoto asikilizwe bila mimi. Nilikaa kwenye benchi pale kibarazani, na safari hiyo sikukohoa.

Nilipoitwa ndani, hakimu alinieleza kwamba mtoto ameomba mambo mawili. Anataka kukaa Mazinde kwa mama yake mdogo, alikozikwa mama yake; mgonjwa wa kule alikuwa amepata nafuu, na mama mdogo amekubali kumpokea. Na anaomba kila mtu amwite kwa jina lake. Yote mawili yakakubaliwa. Hakimu akaongeza kwamba cherehani aliyoiacha marehemu mama yake ni mali ya mtoto huyu, mama mdogo aitunze mpaka akue, wala mtu mwingine asiichukue. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kujitetea. Nikamwambia hakimu kwamba sina la kusema.

Rehema alipoondoka, Athumani aliishi nami miaka tisa mingine. Hakunitupia maneno. Ila mara mojamoja tukiwa tunakula alikuwa anaacha kutafuna, anatazama mlangoni, kisha anaendelea. Aliondoka duniani bila kumwona Rehema tena.

Mwaka juzi, mchana wa siku ya kawaida, mwanamke kijana alibisha hodi uani. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Ni fundi wa nguo Mombo, ana mtoto wake mmoja. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda nilichompa. Chai hakuitaka.

"Bi Zaina, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Siku ile mama alipopiga, alisema nini?"

Nikamwambia neno kwa neno, kwa kuwa maneno yale sijawahi kuyasahau. Kwamba alitaka kumwona. Kwamba alisema, "Mwambie sijamtupa." Kwamba alisema, "Mwambie naumwa tu."

Akajifunika uso kwa mtandio, akalia kilio cha mtoto wa miaka tisa. Sikuthubutu kumgusa. Nilikaa chini pale uani, nikamwomba radhi. Alipomaliza alinawa uso kwenye ndoo, akasema, "Asante kwa kuniambia." Neno la kusamehe hakulitamka, na mimi sikumdai. Akashuka kuwahi gari. Tangu siku hiyo hajarudi, na sijui kama atarudi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mtoto mtakayeletewa atakuja na jina lake, mwite kwa hilo. Kama ana mama, au baba, au ndugu anayelelewa kwingine, aongee nao na aende kuwaona, hata kama akirudi atakesha kimya na wewe roho itakuuma. Mwambie ukweli wa kwao kwa kadiri ya umri wake. Asome, acheze, atibiwe, asigeuzwe mtumishi wa nyumba, na kilichoachwa na wazazi wake usikiguse wala usimwache mtu akiguse. Afisa akija kuongea naye, toka kabisa, nenda hata kwa jirani. Hizo ni haki zake kisheria, wala si hisani yako. Ukimpa hupunguzi chochote chako, na ukimnyima hakuna ofisi itakayoweza kumrudishia. Mpende, mpende sana. Lakini usimtake alipe mapenzi yako kwa kuwasahau wake.

Mola akujaalie moyo mpana, wewe na mwenzio. Mtoto huyo akue mikononi mwenu akiwa mzima, na siku atakapowaaga aende zake bila kinyongo. Mimi makosa yangu nitayajibia mwenyewe. Nyumba yako Mungu aiepushe nayo.