Harufu ya Babu Mdomoni Mwangu

Mwaka jana darasani nilikaa dirishani. Mgeni angeingia angedhani nimepewa mwanga kwa ajili ya akili zangu. Nilipewa dirisha kwa ajili ya mdomo wangu, ili upepo wa vilima vya Kilungu uichukue ile harufu uipeleke kwa watu wengine. Upepo ukigeuka, nilihamishiwa mlangoni. Ukigeuka tena, mwalimu mwenyewe alitoka akafundishia uani, akidai anapenda jua.

Nilinuka. Sisemi kunuka kwa mtu aliyeamka sasa hivi, hiyo kila mtu anayo, hata mchungaji. Nasema kunuka kwa panya aliyefia nyuma ya ghala. Bwenini waliniita Mzoga, nami nikawapa maneno mabaya kuliko hilo, maana ukijitukana wewe kwanza wenzako hukosa la kusema. Nikawaambia nikipiga miayo nzi husahau choo. Walicheka sana. Lakini mtu akimaliza kucheka lazima avute pumzi, kwa hiyo nilijifunza kutoa mzaha wangu na kuondoka kabla kicheko hakijaisha. Wakasema huyu mcheshi hatulii mahali. Kumbe nilikuwa nakimbia.

Kila asubuhi kabla ya kengele nilikunja kiganja, nikapumulia ndani, nikanusa. Bado alikuwepo. Nasema alikuwepo, kama mtu, na sababu nitaieleza.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu aliniita. Ni Mzungu wa misheni mwenye pua ndefu, na siku hiyo nilimhurumia kwa urefu wa pua hiyo. Alisimama upande wa pili wa meza, kisha akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Wewe na akili," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Lakini mdomo mbaya. Likizo kwisha, mdomo mbaya bado, wewe kaa nyumbani."

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, lakini ningelazimika kufungua mdomo.

Kwa hiyo nilishuka kwenda nyumbani, upande wa Kalamba, nikijua kwamba ili nirudi shule nahitaji kinywa kisafi. Na nilihitaji mate ya Susu. Susu ni nyanya yangu, mama wa baba. Kwetu hakuna anayeondoka kwa safari ya maana mpaka Susu apige funda la maji na kumtemea kifuani. Baba alitemewa akaenda kwenye mashamba ya katani, na mpaka leo yuko hai. Binamu yangu mmoja aliondoka kwa haraka bila kutemewa, na habari zake hatuzipati. Mama yangu ni mtu wa kanisa na husema mambo hayo ni ya giza, lakini siku ya safari yeye ndiye hushika kibuyu cha maji.

Susu hakuwa na macho, yalikufa zamani. Tena kwa desturi yetu alikuwa mke wangu. Mimi ni kifungua mimba, nikapewa jina la babu, mume wake, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo Susu aliniita mume wangu, akanigombeza kama mume, akanidai tumbaku kama mume.

Siku hiyo nilikuta njaa imeingia boma zima. Mvua ilikuwa imekataa, muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ulipikwa mara moja kwa siku, na maharage ndani yake ungeweza kuyapa majina. Susu alikuwa amelala kwenye ngozi yake, mwembamba kama ufito.

"Mume wangu amefika," akasema kabla sijainama mlangoni. "Nimekusikia tangu kwenye miba ya boma."

"Sijasema neno, mke wangu."

"Nani amekuambia nimekusikia kwa masikio?"

Tukacheka. Susu ndiye mtu pekee ambaye sikumkimbia baada ya kicheko. Babu, alisema, alitafuna tumbaku mpaka kifo chake na mdomo wake ulinuka hivyo hivyo. Nikamwuliza kwa nini hakumwacha. Akasema kwani angemwacha aende kumnukia nani.

Mama alianza matibabu kesho yake. Nilisugua meno kwa mswaki, kwa mkaa uliosagwa, kwa chumvi, kwa magadi, mpaka ufizi ukatoka damu na nikanuka mzoga uliotiwa chumvi. Kisha akaniitia mwinjilisti. Huyo akaeleza kwamba kinachotoka kinywani hutoka moyoni, na kwa mizaha yangu yeye hakushangaa. Akaniwekea mkono kichwani akaomba kwa nguvu huku ameugeuza uso wake kabisa upande wa mbuzi. Nadhani mbuzi ndio waliobarikiwa.

Mwisho, mama akiwa kisimani, Susu alituma aitwe mganga. Mganga alitikisa kibuyu chake, akamwaga mbegu, akazihesabu, akazirudisha. Akasema hakuna ugonjwa hapo. Babu amekaa mdomoni mwangu kwa sababu mimi nina jina lake, na anataka pombe. Nafaka ya pombe ingetoka wapi mwaka ule? Akanipa mzizi wa kutafuna, nikatapika ule muthokoi wa mara moja kwa siku. Hilo ndilo lililoniuma.

Lakini Susu alifurahi. "Nilijua ni yeye," akasema. "Usimfukuze. Amekaa tu, anapumua."

Mjomba wangu, kaka ya mama, alikuwa anapeleka mbuzi Kitui kuwauzia Wasomali wa mifugo. Mama akamwomba anipeleke kwenye dispensari ya huko. Nilipomuaga Susu hakunitemea mate, maana hiyo haikuwa safari ya maana, ilikuwa ya kwenda na kurudi. Alisema tu mate yangu ananiwekea ya shule. Tulivuka mto Athi kwenye mchanga mkavu, mbuzi mbele, mjomba katikati, mimi nyuma kabisa, kwa agizo la mjomba.

Dresa wa dispensari, yule mfunga vidonda na mng'oa meno, alinikalisha kwenye sanduku akanifungua mdomo kwa kijiti. Meno yangu mawili ya mbele ya juu yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha, kama ya kijana yeyote wa heshima kwetu. Dresa aligonga moja, nikaona nyota mchana. Akasema aliyechonga alipiga patasi mpaka kwenye kiini cha jino, mizizi ikaoza, usaha ukakaa ndani ya ufizi miaka hiyo yote. Akauliza ni nani alinichonga. Mjomba akaangalia vidole vyake vya miguu. Mjomba ndiye mchonga meno wa upande wetu, na watu humsifu kwa mkono mwepesi.

Meno yote mawili yaling'olewa, na jirani yao mmoja ambaye alikuwa ameshaambukizwa. Mjomba alinishika kichwa. Kilichotoka pamoja na meno sitakielezea, ila dresa mwenyewe alitema mate chini. Nikasukutua kwa dawa ya zambarau siku zote tulizokaa pale tukingoja mbuzi wauzwe. Asubuhi moja nilikunja kiganja, nikapumulia, nikanusa. Nilinusa kiganja tu.

Njiani kurudi mjomba alitembea karibu nami.

Nyumbani mama alitupokea kwenye njia. Akaniambia Susu amezidiwa na homa, na tangu juzi anamuulizia mumewe. Uso wangu ulikuwa umevimba upande mmoja na maneno yalitoka kwenye pengo kama filimbi, lakini niliingia mbio nikapiga magoti.

"Nimefika, mke wangu," nikasema. Hata mimi sikuijua sauti ile.

Susu alivuta hewa kwa pua. Akavuta tena, taratibu, akigeuza kichwa huku na huku.

"Nani huyo?"

Mama akamwambia ni mjukuu wako, anarudi shule, mpe mate. Akamnyanyua kichwa, akamnywesha maji ya kibuyu. Susu aliyashika mdomoni, mashavu yamejaa. Nilifungua shati. Mkono wake ukaja usoni kwangu, ukapita kwenye uvimbe, ukaingia mdomoni ukakuta pengo, ukarudi haraka kama umegusa moto. Alibaki hivyo, maji mdomoni, uso ameuelekeza mlangoni, anangoja mtu.

Nilimpumulia usoni. Nilipumua kwa nguvu zangu zote, mimi niliyemaliza miaka nikipumulia pembeni. Nikamwambia yale ya nzi na choo. Nikamwambia nimemletea tumbaku, na sikuwa nayo.

Susu akameza maji.

"Mume wangu ananuka," akasema. "Wewe hunuki. Nenda kwenu, mwanangu, hapa kuna mgonjwa."

Mama alijaribu tena jioni hiyo, na tena kesho yake. Maji yalitoka pembeni mwa mdomo yakaingia kwenye ngozi. Siku iliyofuata tulimzika, na mjomba ndiye aliyechimba, akakataa kupokewa jembe.

Nilirudi Kilungu na kifua kikavu. Mama aliniombea njiani, kwa sauti ndogo, kisha akasimama akinitazama muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayesema mambo ya Susu ni ya giza.

Mwalimu mkuu alininusa kutoka upande wa pili wa meza, kisha akaja upande wangu. Akasema, "Mzuri sana." Nimekalishwa katikati ya darasa. Jirani yangu wa kushoto ananuka jasho na maharage, na simwambii. Wanauliza mizaha yangu imeenda wapi, nami nasema imetoka na meno.

Asubuhi kabla ya kengele bado nakunja kiganja na kupumulia ndani. Hakuna mtu.