Gitaa la Waridi la Nana Obdulia

Kwa miaka thelathini Nana Obdulia alipiga msasa magitaa ya watu pale Paracho, mji wa mafundi wa magitaa, na hakuwahi kulipiga hata moja. Ndiyo maana Nana Chabela, kiongozi wa akina mama waimbaji, alipomwambia, "Mpigaji wetu kavuka mpaka kutafuta kazi, Jumapili njoo na gitaa lako," alidhani anataniwa.

"Mimi? Nitapigia nini, msasa?"

"Mwenzangu, magitaa umeyapakata kuliko wanao. Usipokuja namchukua binti wa mwoka mikate, nawe urudi kuimba kule nyuma."

Hilo la kule nyuma lilimchoma. Alisimama nyuma tangu usichana wake, sauti yake imezama katika sauti za wenzake. Safari hii alitaka asikike.

Alhamisi aliingia karakana ya mzee Tata Wenceslao, bosi wake, kununua gitaa, akafanya alichokijua: akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akanusa, akapitisha kiganja mgongoni mwa magitaa. Akachagua gitaa la mwerezi, rangi ya asali, ambalo vanishi yake aliipaka kwa mkono wake mwenyewe.

"Jicho la fundi hilo," Tata alisema. "Haya, kaa ulipige."

Akakaa, akapanga vidole kama alivyowaona wateja wakifanya miaka yote. Shingo ya gitaa ilikuwa pana, kidole cha pete hakikufika. Akabana kwa nguvu. Uzi ukalia kama nzi aliyefungiwa chupani.

"Lina kasoro hili."

"Kasoro vidole vyako. Nana, umelichagua kwa mgongo! Nani anapiga gitaa mgongoni?"

Mafundi wakaangua kicheko. Akaenda karakana ya pili, ya tatu, ya tano. Kila mlango aliulizwa, "Umefuata magitaa ya kupaka vanishi?" Hakuna aliyemwona mnunuzi, na kila gitaa alilolipenda lilimkataa vidoleni. Akawachukia wote. Akaichukia na mikono yake, inayojua kila kitu cha gitaa isipokuwa gitaa.

Jumamosi, amechoka na miguu inamuuma, alipita kwenye kibanda cha stendi wanapowauzia wageni magitaa. Kilining'inia kigitaa chenye waridi jekundu lililochorwa usoni, kile ambacho yeye na wenzake kazini hukiita sanduku la pipi. Akakishika ili akicheke.

Vidole vikafika. Vyote. Akabana, akapitisha gumba, na nyuzi zikaitika pamoja, safi, bila nzi.

"La mtoto hilo, Nana," muuzaji alisema. "Mjukuu ana miaka mingapi?"

"Saba!" akafoka. Mjukuu hana.

Alilinunua, akalifunika kwa shali, akapita vichochoroni Tata asimwone. Nyumbani akatoa msasa, alifute waridi. Alipofika nusu, mkono wake ukamwonya: ubao ni mwembamba kama ganda la yai, akisugua tena utatoboka. Akautupa msasa ukutani. Waridi likabaki nusu, baya kuliko mwanzo.

Jumapili, ukumbini, Nana Chabela alilitazama mpaka miwani ikamshuka puani.

"Nana, hilo gitaa, au keki iliyolambwa?"

Wanawake wote wakacheka, hata binti wa mwoka mikate, aliyekaa karibu na mlango akingoja. Uso wa Obdulia ukawaka.

"Mkimaliza kucheka," alisema, "mniambie tunaanza na wimbo upi."

Akapita katikati yao, akasimama mbele, akabana nyuzi.