Fundi aliyeshona kijani mara mbili

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mwenye futi ya fundi shingoni anavuka barabara, anasimama kando ya mtaro na kugeuka kulitazama duka lake mwenyewe. Mbele ya mlango, kwenye kamba, inaning'inia jezi moja ya kijani. Anafumba jicho moja, kisha anamsimamisha muuza mayai anayejipitia zake.

"Mwanangu, ile namba ngapi?"

"Nane, mama."

"Huoni tatu?"

"Nane. Kwani mimi kipofu?"

Fundi hajaridhika. Anamuuliza mwanamke mwenye ndoo kichwani, kisha mzee anayesukuma baiskeli, ambaye anakunja uso na kusema anaona tatu. Jibu la mzee ndilo linalomaliza mjadala. Jezi inashushwa, namba inafumuliwa, na fundi anarudi kwenye cherehani kuyapanua matundu ya ile nane.

"Wacha wacheke," anasema bila kuinua macho. "Refa naye ana macho ya binadamu."

Mtaa mzima unamwita Mama Namba. Ana miaka hamsini na miwili, cherehani tatu, binti mmoja anayemsaidia kukata, na maoni kuhusu jezi ambayo hana mpango wa kubaki nayo moyoni. Jezi nyeupe kwa timu inayocheza kwenye vumbi jekundu, kwa mujibu wake, ni adhabu kwa mama wa wachezaji. Jina la timu lazima shabiki aweze kulipigia kelele akiwa amejaza karanga mdomoni. Yeye mwenyewe hulijaribu uani kabla ya kulishona, na majirani wameshazoea.

Na nembo je?

"Kama mtoto hawezi kuichora mchangani kwa kijiti, hiyo siyo nembo, hilo ni pambo la keki."

Pamoja na maneno yote hayo, leo ana wasiwasi. Sindano imeshamchoma mara mbili, na binti yake amemnyang'anya mkasi kwa hofu ya kuharibu kitambaa. Saa kumi jioni viongozi wa Nungunungu, timu kongwe kuliko zote mtaani, watakuja kuikagua hiyo jezi ya kijani. Wakiikubali, atawashonea wachezaji wote. Wakiikataa, ndiyo basi tena, maana hii ni timu iliyomsusa kwa miaka sita, na ilikuwa na sababu.

Msimu wa kisa chenyewe, Mama Namba alikuwa anashonea timu tisa za ligi ya mtaa. Nungunungu walivaa kijani tangu waanzishwe. Wiki mbili kabla ya mashindano kumalizika, timu ya wapagazi wa sokoni, ambao siku zote walivaa njano, wakaja na mfadhili aliyetaka wabadilishe rangi. Mfadhili alichagua kijani. Fundi akachukua oda, akakata kutoka jora lile lile la kitambaa cha Nungunungu.

Kwa miaka sita aliwaambia watu kuwa mambo yalimchanganya, kwamba hakutambua rangi zimegongana. Asubuhi hii, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani, anasema kingine.

"Nilijua. Nilijua vizuri sana. Ila wapagazi walikuwa na nusu fainali ngumu, nikasema moyoni, hawa hawafiki popote. Nilikuwa naona mishono, sioni mchezo."

Wapagazi walifika. Walishinda kwa penalti, na fainali dhidi ya Nungunungu ikabaki siku mbili. Siku mbili hizo fundi alizunguka na siri tumboni, akiogopa kupoteza oda zote mbili na heshima juu yake. Hakumwambia mtu, hata binti yake.

Siku ya fainali timu mbili ziliingia uwanjani zikiwa kijani kitupu. Mashabiki walidhani ni mzaha. Refa akarusha sarafu, Nungunungu wakashindwa, wakaamriwa kugeuza jezi zao ndani nje, upande uliopauka. Zilipogeuzwa, namba zikapotelea ndani. Dakika ya arobaini kiungo mmoja wa Nungunungu akamkwatua mpinzani kwa nyuma, refa akageuka, akaona migongo mitupu inayofanana, akamwonyesha kadi nyekundu mtu mwingine kabisa. Mtu huyo alikuwa nahodha, mchezaji namba nane. Walifungwa moja bila.

Kesho yake mtu aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa duka: MAMA NAMBA. Ilikuwa kejeli, na ilimkata maini. Msimu uliofuata, timu tisa zikawa mbili.

Alijikongoja kwa mapazia, aproni za wapishi na sare za shule. Binti yake anakumbuka mwaka ambao cherehani mbili kati ya tatu zilifunikwa kwa shuka kuanzia Januari hadi Agosti. "Mama alikuwa akisikia filimbi ya uwanjani anafunga dirisha," anasema. Tangu fainali ile Mama Namba hajakanyaga uwanja, ingawa uko umbali wa kutembea dakika saba.

Jina la kejeli aliamua kulivaa. Alilipaka rangi mwenyewe kwenye kibao cha duka, akaanza kushona namba kubwa kuliko za fundi yeyote, na kuzikagua kutoka ng'ambo ya barabara.

Nungunungu nao walihamia kwenye jezi za dukani, zenye nembo za klabu za ng'ambo. Zilipendeza, hakuna ubishi. Lakini mwaka jana, kwenye mashindano ya mbali kidogo, mtangazaji mwenye kipaza sauti aliwaita kwa jina la klabu iliyoandikwa vifuani mwao dakika zote tisini. Bibi mmoja shabiki, aliyeifuata timu kwa miaka thelathini, alivuka mstari kwenda kumsahihisha akatolewa nje. Mechi iliyofuata ndiyo iliyovunja watu mbavu: wapinzani walikuja na jezi hizo hizo za dukani. Safari hii hapakuwa na fundi wa kulaumiwa.

Hapo ndipo wanachama waliposema wanataka jezi yao, yenye mnyama wao.

Saa kumi na dakika kumi wanaingia watu watatu: mwenyekiti mwenye kitambi, bibi yule shabiki, na kocha. Kocha ni mrefu, mpole, mwenye mvi chache pembeni mwa kichwa. Miaka sita iliyopita alikuwa nahodha aliyetolewa kwa kosa la mwenzake.

"Shikamoo, fundi," anasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni, kiti hicho kibovu mwachieni mwenyekiti, kimezoea mizigo."

Bibi anacheka. Mwenyekiti anajifanya hakusikia, anaichukua jezi na kuikodolea macho nembo ya kifuani: nungunungu mwenye miiba kumi na moja.

"Mimi bado nasema tungeweka chui," ananung'unika. "Nungunungu anamtisha nani?"

"Muulize mbwa aliyewahi kumvamia," anajibu Mama Namba.

"Na wewe huna haya," bibi anamwambia mwenyekiti. "Miaka thelathini napiga kelele Nungunungu, leo nianze kuita chui? Sauti yangu siyo ya kuchezea."

Mabishano yanapamba moto. Kola iwe ya duara au ya pembe? Jina likae kifuani au mgongoni? Mwenyekiti anataka neno lake lipite kila mahali. Kocha anapapasa mshono wa bega, anavua shati lake na kuinyanyua jezi ili aivae.

"Subiri," anasema Mama Namba.

Amesimama. Binti yake anainua kichwa kutoka kwenye meza ya kukatia.

"Kabla hujaivaa, kocha. Ile fainali, watu nimewaambia nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilijua rangi ni moja, na siku mbili nilikuwa na mdomo wa kusema nikaufunga. Ile kadi nilikupa mimi, refa alinyoosha mkono tu. Nisamehe. Na kama hutaki jezi yangu, sina la kulalamika."

Mwenyekiti anaangalia viatu vyake. Kocha amesimama na jezi mikononi, kifua wazi, na kwa muda haijulikani kama ataivaa au ataitupa.

"Nilikaa nje dakika hamsini," anasema hatimaye. "Mke wangu alikuwa amekuja kuniona nacheza kwa mara ya kwanza. Ningejua siku ile, fundi, ningekuchukia."

"Una haki."

"Lakini miaka yote watu wananiambia bahati mbaya, bahati mbaya. Hakuna aliyewahi kuniambia nisamehe."

Anaingiza kichwa kwenye jezi, anaivuta chini, anageuka ili wenzake waone mgongo. Bibi anarudi nyuma hadi mlangoni, anatazama, na kupiga kigelegele kinachowatoa majirani nje.

Mwenyekiti, ambaye hapendi kubaki nyuma, anatoa kalamu. Wachezaji ishirini na wawili, kola ya duara, jina kifuani, nungunungu abaki alivyo.

"Andika ishirini na tatu," kocha anamwambia.

"Wachezaji ni ishirini na wawili."

"Ya ishirini na tatu ni ya fundi." Anamgeukia Mama Namba. "Na uje nayo uwanjani. Sitaki kusikia ulikuwa unashona pazia."

Mama Namba anachukua futi shingoni, anatafuta wa kumpima, hampati, anajifutia macho kwa ncha yake. Binti yake anamwambia akae. Anakataa kukaa.

Wageni wakishaondoka, anaeleza mpango wake. Mechi ya kwanza ya msimu ni Jumapili ya tatu kutoka sasa. Zile ishirini na mbili zitamchukua siku kumi na mbili, binti akikata na yeye akishona. Ya kwake ataishona mwisho, pana kidogo, kwa sababu miaka sita ya kukaa imemnenepesha. Namba hajachagua.

Lakini hatagusa mkasi kesho. Kesho, anasema, atafunga duka na kuzunguka kwa miguu kwenye timu zote kumi na moja zilizobaki za ligi, akiwa na kipande cha kitambaa cha kijani mkononi, kuuliza kila moja itavaa rangi gani.

"Na nikimkuta mwenye kijani," anasema, "nitasema siku hiyo hiyo."