Shimo la Choo Lililotoa Jiwe la Kijani

Annie Tshibola anakaza kitenge kiunoni, anachota udongo mwekundu kwa beleshi na kuumwaga shimoni. Masomo ya Ijumaa yamekwisha. Kando yake wachimbaji madini saba wanafanya vivyo hivyo, huku wakitaniana.

"Miaka yote banalipaka mi kwa kutoa udongo," anasema Mukuna, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, akijifuta jasho. "Leo naurudisha bure. Bibi yangu akisikia, atanipeleka ku maombi."

"Rudisha tu, tata," anamjibu Annie. "Ku maombi tutaenda wote."

Annie, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni mkuu wa Shule ya Msingi Uzima, pembezoni mwa Dilala mjini Kolwezi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, baba yake akawa karani, yeye akashika chaki. Alipokabidhiwa shule hii, watoto wa darasa la kwanza walikaa juu ya matofali. Leo wana madawati, ingawa wanne hubanana kwenye dawati la wawili.

Kilichobaki kumsumbua ni choo. Kipo kimoja, cha wavulana na wasichana pamoja. Wasichana wakubwa hungoja mapumziko, hukimbia nyumbani, na huko hukutana na kazi: mdogo wa kubeba mgongoni, au mawe ya madini ya kuosha mtoni. Mwaka jana ishirini na wawili walianza darasa la sita. Waliofika kwenye mtihani wa mwisho ni tisa.

"Batu banasema bazazi ba huku habapendi masomo," anasema Annie taratibu. "Si vile. Mutoto akirudia ku nyumba saa ine, mama yake anaona mikono ya kumusaidia. Weye ungefanya nini?"

Wazazi walikubali kuchimba choo cha wasichana. Siku ya kwanza walimpa Annie jembe akate donge la kwanza, kama desturi ya machimbo inavyomtaka mwenye shimo, kisha mchungaji akaomba. Shimo lilipopita kimo cha mtu, Mukuna alipanda juu. Kiganjani alikuwa na jiwe la kijani.

"Mama Directrice," akasema, "choo yetu iko na mali."

Lilikuwa jiwe la shaba. Jumatatu asubuhi uwanja wa shule ulijaa wanaume wenye mifuko na tochi za kichwani, baadhi yao baba za wanafunzi. Wakasema wachimbe, wauze, kisha wajenge shule nzuri zaidi.

Annie aliwasikiliza hadi mwisho. Alijua mahandaki ya wachimbaji hayana mpaka, na shimo liko jirani kabisa na darasa la kwanza. Mtaa wa pili zipo nyumba zilizozama hivyo hivyo. Hata hivyo hakumfukuza mtu.

"Hii majiwe njo inalishaka batoto bangu," anaeleza. "Nitabatukana namna gani?"

Badala yake alimgeukia Mukuna mbele ya wote.

"Kwenu ku machimbo, mutu anashukaka mu shimo ya mwenzake vile tu?"

"Apana, mama. Mpaka PDG aitike."

PDG ni jina ambalo wachimbaji humpa mwenye shimo, yule aliyekata donge la kwanza. Anayeshuka bila ruhusa yake hatapata tena mtu wa kumshikia kamba.

"Basi PDG njo mi," akasema Annie. "Na shimo yangu naifunga."

Kijana mmoja, Gradi, aliyepita darasani kwake zamani, akaangua kicheko. "PDG gani anavaa kitenge?"

"Ule alikufundisha kusoma, Gradi. Na ilimukamata miaka mbili."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akakaa chini juu ya mfuko wake. Lakini hakuna aliyebisha. Kubisha kungekuwa kuvunja sheria inayolinda shimo la kila mmoja wao. Wakaondoka mmoja mmoja, na kesho yake Mukuna akaleta wenzake kufukia.

Choo kipya hakitachimbwa kabisa. Mukuna ametoa wazo kijengwe kwenda juu: tanki la matofali juu ya ardhi, vyumba juu yake, na ngazi ya kupandia. Watu waliozoea kushuka sasa wanabishana kuhusu kupanda.

"Hapa kila mutu anajua chini," anasema Mukuna. "Hakuna mwenye anajua juu. Tutajifunza."

Annie anataka ngazi hiyo ikamilike kabla ya mvua za kwanza. Mwaka wa shule ndio kwanza umeanza, na darasa la sita lina wasichana ishirini na sita.

"Nataka nibaone bote mu mtihani," anasema. "Hata bakianguka, baangukie ndani ya kilasi."

Jua linashuka nyuma ya vilima vya mabaki ya mgodi. Shimo bado linammeza mtu hadi kifuani, na Annie anaanza kulifunika kwa mbao ili watoto wasitumbukie. Gradi, aliyefika jana bila kuitwa, anakung'uta beleshi lake, analichomeka kwenye rundo la udongo na kuliacha hapo.

"PDG, kesho saa ngapi?"

"Saa moja," anajibu Annie, akisukuma ubao wa mwisho mahali pake. "Na ukuye na bale benzako ba mifuko."