Mwalimu Aliyetufundisha Kuanguka

Juzi sokoni, mama mmoja muuza makaa alikung'uta vumbi mikononi kwa kupiga makofi mawili, pa, pa, na mimi nikasimama papo hapo kama nguzo, kisigino kimoja hewani, mfuko wa sombe, majani ya muhogo, ukining'inia mkononi. Watu wakanipita wakinitazama. Yule mama akaniuliza kama nimekanyaga msumari. Nikacheka, nikamwambia hapana, ni mwili tu umekumbuka shule.

Kwa Mwalimu Paluku, makofi mawili yalikuwa na maana ya kuganda. Hapo ulipo, hivyo ulivyo, usimeze hata mate. Kofi moja lilikuwa na maana ya kuanguka. Nilikuwa na miaka kumi na minne wakati ule, mwaka wa tatu wa sekondari, hapa hapa Goma, na nikisema kwamba nilimshuku mtu yule, mnielewe vizuri. Nilimshuku kwa bidii ambayo sikuwahi kuiweka kwenye hesabu.

Ilianza na tangazo la prefe, mkuu wetu wa shule. Alituambia kwamba kila Jumamosi asubuhi kutakuwa na mafunzo ya teatri, yaani maigizo, lakini teatri ya mwili, bila maneno, na mwalimu mwenyewe anatoka upande wa Butembo. Kuingia ni bure. Nilipopeleka habari hiyo nyumbani, papa alishika neno moja tu.

"Bure?"

"Ndiyo, papa."

"Cha bure kina mwenyewe," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Papa alikuwa karani kwenye depo ya bidhaa karibu na bandari. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu wa kuhesabu magunia mara mbili hata kama gari limeleta matatu. Misemo yake aliitunga mwenyewe, kisha akadai ni ya wazee. Asubuhi ya Jumamosi ile ya kwanza alinisindikiza hadi mlangoni, akanipa mwingine: "Mutu akikuomba ufunge macho, wewe ongeza masikio."

Na kweli, jambo la kwanza tuliloombwa lilikuwa kufunga macho.

Tulisukuma madawati ukutani, tukavua viatu. Ninaikumbuka bado harufu ya viatu thelathini vilivyolowa mvua katika chumba kimoja, na ubaridi wa sementi ukipanda kutoka nyayo hadi magotini. Mwalimu Paluku alikuwa mwembamba, mrefu, na shingo yake ilitangulia mbele kidogo kama ya mtu anayesikiliza ukutani. Hakujitambulisha. Hakutuambia anatoka wapi wala anataka nini. Alionyesha kwa mikono, na akilazimika kusema alisema neno moja tu. "Chini." "Tena." "Polepole." Mfukoni alikuwa na daftari la jalada la kijani, lililofungwa kwa mpira. Kila baada ya zoezi alilifungua, akatutazama mmoja mmoja, akaandika.

Mazoezi yenyewe yalikuwa haya. Tulitambaa kwa tumbo kutoka ukuta hadi ukuta bila kutoa sauti. Tulibingirika. Tulibebana mgongoni, mmoja akijifanya hana nguvu, mwingine akikimbia naye. Tuliganda. Na mwisho, mmoja alisimama katikati, macho yamefungwa, akajiachilia nyuma kama gogo ili wenzake wamdake.

Mimi sikuanguka. Kila zamu yangu ilipofika nilipinda goti, nikarudisha mguu mmoja nyuma, nikajidaka mwenyewe. Mwalimu hakunikemea. Alifungua daftari lake.

Lazima niwaeleze tulikaa wapi. Nyumba yetu ilikuwa Katindo, karibu na ukuta wa kambi ya jeshi, na mahali fulani mawe meusi ya ukuta huo yalikuwa yameachana. Tangu nikiwa mdogo, nikienda kuteka maji asubuhi, nilichungulia pale. Nilijua askari wanavyotambaa kwa tumbo. Nilijua wanavyobingirika, wanavyobebana mgongoni, wanavyoganda wakipewa ishara. Sasa mgeni asiyesema amekuja kutufundisha hayo hayo, bure, na anaandika majina ya wanaoweza. Katika mji wetu, mtoto hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Aliyeweza kuliko wote alikuwa Furaha. Alikuwa mwenzangu wa dawati, msichana aliyekuja na mama yake kutoka milimani, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Mwili wake haukuwa na mifupa, nadhani. Alitambaa kama moshi. Nilimwambia, "Usifanye muzuri sana. Iko anaandika."

"Aandike," Furaha akasema. "Mimi hapa nacheka. Siku zingine sichekake."

Nikamwona ameshapotea.

Jumamosi ya nne, nikirudi nyumbani, nilimwona Mwalimu Paluku mbele yangu, anatembea haraka, mfuko mzito begani. Nilimfuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lililopakiwa viazi vya Kibumba, na nawaambia ukweli, kujificha kimya namna ile alinifundisha yeye. Alipita duka la mkate, akapita kona yetu, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa kambi. Askari wawili walikuwa pale. Hakuwaonyesha karatasi. Wakamsalimia, akaingia.

Nilifika nyumbani nikihema. Papa alikuwa mezani.

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu, papa."

"Aliingia yeye peke yake?"

"Yeye na mufuko tu."

"Na basoda ya mulango?"

"Walimusalimia."

"Walimusalimia," papa akarudia polepole, kwa sauti yake ya depo, ile ya siku ambayo magunia hayalingani na karatasi. Akaweka kijiko chini. Mama akasema labda kuna maelezo. Papa akasema maelezo yapo, na Jumamosi atayaomba.

Wiki ile habari ilitembea bila miguu. Jumamosi, Mwalimu Paluku alipofungua mlango wa darasa, alikuta wazazi kama kumi na wawili wamekaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamewafika kifuani. Prefe alikuwa anapangusa uso kwa leso. Sisi wanafunzi tulipangwa ukutani. Papa alisimama mbele, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema, "tuko tunataka kujua vitu viwili. Unaandika nini juu ya batoto yetu, na unaendaka Katindo kwa nani."

Mwalimu alifungua kinywa. Shingo yake ikakaza, macho yakafumba, midomo ikagonga mahali pamoja. "D... d... d..." Hakuna kilichofuata.

Wiki nne zote hatukujua kwamba alikuwa na kigugumizi. Wazazi nao hawakujua, na mtu anayeulizwa swali jepesi akashindwa kulijibu, kwa wazazi wa Goma, ameshajibu. Manung'uniko yakaanza. Mama Furaha akasimama. Alikuwa muuza makaa Mugunga, mwanamke mfupi wa sauti ndogo, na hakupandisha sauti.

"Mutoto wangu wa kwanza aliendaka hivi hivi," akasema. "Walimwambia ni michezo. Sasa niko na huyu mumoja." Akakaa.

Nilimtazama Furaha. Yeye hakunitazama. Alikuwa ameshajua nani alipeleka maneno.

Mwalimu Paluku akatoa daftari mfukoni. Akavua ule mpira, akampa papa.

Papa alivaa miwani. Alikuwa msomaji wa sauti, hakujua kusoma kimya hata barua ya ndugu. Akaanza ukurasa wa kwanza, bila kupanda wala kushuka, kama anayesoma orodha ya mizigo.

"Furaha. Anakuja bila kula. Asibebe mutu kabla ya saa nne. Kumutafutia ndizi." Akageuza ukurasa. "Huyu wa goti la kushoto, asibingirike. Huyu anaogopa giza, zoezi la macho afanye karibu na dirisha." Akageuza tena. "Nabintu."

Hilo ndilo jina langu.

Papa alisita kidogo, lakini karani haruki mstari. "Nabintu. Haangukii mutu. Anatazama mulango wakati wote. Asilazimishwe. Kuna kitu anachunga."

Nilitamani sementi ifunguke. Papa alibaki akitazama ukurasa ule muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo. Kisha akafunga daftari, akarudisha mpira mahali pake, kwa uangalifu, kama kitu cha kanisani.

"Na Katindo?" baba mmoja akauliza kutoka nyuma, maana shaka haiishi kwa jibu moja.

Prefe akampa mwalimu chaki. Mkono wake haukuwa na kigugumizi. Aliandika ubaoni kwa herufi nzuri, za mtu aliyepigwa na masista akiwa mdogo: *Dada yangu. Mume wake alikuwa sajenti, alikufa. Amebaki kambini na watoto wanne. Ninampelekea maharagwe.*

Mnadhani papa aliomba msamaha? Alisema, "Ubao pia unaweza kudanganya," akavaa kofia, akamwomba mwalimu waende pamoja, wakati ule ule. Wakatoka wawili, mmoja mrefu, mmoja mnene. Sisi tukabaki. Hakuna aliyecheza. Furaha alikaa kando ya mama yake, akila ndizi ambayo prefe alikuwa ameitoa sijui wapi.

Papa alirudi nyumbani saa nane. Alivua viatu, akanawa uso, akaomba maji ya kunywa. Mama akamuuliza.

"Nimemuona huyo mama," akasema. "Chumba kimoja. Batoto wanne." Akamaliza maji, akaongeza, "Maharagwe ilikuwa ya kweli." Jioni alimtuma mama apeleke kikapu cha sambaza, dagaa wa ziwani, kwa yule mjane, akatukataza kulisema nje.

Lakini hakuacha kumchunga mwalimu. Jumamosi iliyofuata alinisindikiza hadi darasani, akaingia, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono imekunjwa kifuani, miwani puani. Akabaki hadi mwisho. Alifanya hivyo Jumamosi zote zilizobaki za mwaka, akiacha usingizi wake wa pekee wa wiki. Tulitambaa mbele yake, tukabingirika, tukalia kwa kicheko, naye hakutabasamu hata mara moja. Wenzangu walimwita mlinzi. Niliona haya mpaka masikioni. Mwalimu Paluku peke yake hakuonekana kusumbuka. Kila Jumamosi alikuja mapema, akafuta vumbi kwenye benchi lile kabla papa hajafika.

Furaha hakunisemesha kwa wiki tatu. Siku aliponisemesha aliniambia tu, "Ungeniuliza mimi kwanza," na kwa maneno hayo alikuwa na haki. Mwisho wa mwaka tulionyesha mchezo wetu mbele ya wazazi, familia inayohama na godoro lake usiku, bila neno hata moja, na katikati yake kulikuwa na mahali ambapo mimi nilipaswa kuanguka. Nilianguka. Vibaya, jicho moja limefunguka, na Furaha akanidaka kwa makwapa, akanivuta kama gunia. Watu walidhani ndivyo tulivyopanga.

Mwalimu alirudi Butembo mwaka uliofuata, na sijui alifikia wapi.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya baba mkaidi. Watu walicheka, nami nilicheka nao. Kisha, nikiwa nimeshaolewa, siku moja tulikaa na mama tukichambua mchele, na mimi nikaanza tena habari ya benchi. Mama hakucheka. Aliniuliza kama papa aliwahi kuniambia habari za Cikuru.

Hakuwahi. Cikuru alikuwa binamu wa papa, walikulia nyumba moja kule upande wa Bukavu. Wakati wa vita, mwalimu wa kijiji chao, mtu mpole, aliyewajua vijana wote kwa majina, aliwaita shuleni ili achague timu ya mpira. Papa alichelewa kwa sababu alikuwa anashona kiatu chake. Alipofika kwenye migomba iliyo juu ya shule aliwaona wenzake wanatolewa darasani mmoja mmoja, na watu wenye bunduki wanawapanga mstari. Cikuru alikuwa wa tatu. Hawakurudi. Hata leo hakuna anayejua kama yule mwalimu naye alidanganywa.

Niliendelea kuchambua mchele, lakini sikuwa nikiyaona tena mawe. Nilikuwa nimeamini kwamba papa alimshuku Mwalimu Paluku kwa sababu alikuwa mgeni, wa kabila lingine, mtu asiyesema. Kumbe ugeni haukumtisha. Kilichomtisha ni wema. Na mimi, mtoto wa miaka kumi na minne ambaye sikuwahi kuambiwa neno moja juu ya darasa lile, nilikuwa nimesimama kwenye darasa langu nikichunga mlango kwa niaba yake, bila kujua nimejifunza wapi.

Papa bado yuko. Amestaafu, anahesabu magari barabarani kwa kukosa magunia. Sijamwambia kwamba ninajua, na mama naye hajamwambia kwamba alinisimulia. Nikienda kumsalimia, ninavuta kiti, ninakaa kando yake. Akiniuliza watoto wangu wako wapi saa hii, nani yuko nao, na huyo mtu tunamjua kutoka wapi, sikasiriki tena. Ninamjibu moja moja, hadi aridhike.