Ndugu Ambaye Sikumwandikisha

Sikuwa na homa, wala sikuota. Binti yangu Neema alikuwa hatua tano kutoka nilipokaa. Muulizeni, ingawa hapendi kukisimulia kisa hiki.

Nilipostaafu kazi ya ghala hapa Columbus, Amerika, Neema alininunulia kamera. Yeye anaishi Buffalo. Majani yalipoanza kuanguka akanipeleka kwenye hifadhi ya taifa kule kaskazini, nikampige picha musi, mnyama wa jamii ya paa aliye mrefu kuliko fahali, pembe zake pana kama majembe.

Alfajiri tulimkuta ziwani, maji yamemfika magotini, kichwa amekizamisha anakula majani ya chini. Picha ya mgongo tu ina faida gani? Nikampigia mluzi, ule wa kuita ng'ombe kule kwetu milimani Kivu. Neema akacheka. "Papa, huyo si ng'ombe wa kwetu Minembwe."

Musi akainua kichwa. Nyuma yake, ndani ya maji, alisimama kaka yangu mkubwa na fimbo yake ya kuchungia.

Hapa lazima niseme kosa langu. Siku ya usaili wa kuhamia Amerika, tukiwa kambi ya wakimbizi, kaka alikuwa amerudi nyumbani kutafuta ng'ombe wetu. Niliogopa faili letu lingecheleweshwa. Nilipoulizwa kama nina ndugu, nikajibu sina. Tukaja Amerika bila yeye, na habari zake hatukuzipata tena.

Sasa alikuwa ananitazama. "Mdogo wangu," akasema taratibu, "huku wananiuliza mimi ni wa nani. Waambie tu."

Niaminini, nilitaka kutamka jina lake. Ulimi ukajigeuza wenyewe: "Sina ndugu." Nikajaribu tena, yakatoka maneno yaleyale. Nikajipiga mdomo kwa kiganja. Neema akanishika mikono, akaniuliza naongea na nani. Yeye aliona mnyama tu. Kaka akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea, akaweka mkono mgongoni mwa musi, wakaingia ukunguni pamoja.

Mpaka leo jina lile halinitoki mdomoni. Wazee wa kanisa la watu wa kwetu kule Newburg, Louisville, walifunga siku tatu wakiniombea. Nilipofumbua kinywa mbele yao, nilisema sina ndugu.

Ninyi mnaosoma, msimkane mtu wa damu yenu, hata kama ni karatasi tu inayowauliza. Mkono wangu bado unaniruhusu kuandika. Anaitwa Rukema. Lisomeni jina hilo kwa sauti, tafadhali. Mimi siwezi.