Susu Alipoketi Darasa la Kwanza

Nikisikia harufu ya katani mbichi sokoni, nasimama kama mtu aliyeitwa. Ni harufu kali, ya majani yaliyokwanguliwa, na kwangu ni harufu ya Susu, nyanya yangu aliyenilea kule Kyuso kwenye ukame. Hakuna mahali alikokwenda bila kiondo cha kusuka. Alisuka akitembea, alisuka akipiga gumzo, hata kanisani alisuka mpaka mchungaji akakohoa.

Na mimi, jamani, nilikuwa balaa. Nilipoanza darasa la kwanza niliuma wenzangu, nikarusha mawe, nikatoroka kupitia dirishani. Hasira ilinipanda ghafla, hata sijui ilitoka wapi. Siku nilipomng'ata mtoto wa jirani sikio, mwalimu mkuu alimwita Susu.

"Mama, huyu ametushinda. Nenda naye nyumbani, asirudi. Samaki mkunje angali mbichi, na nyinyi hamkumkunja."

"Mwalimu, sisi watu wa Kyuso samaki tunamjulia wapi?" Susu akajibu. "Huyu ni mjukuu wangu. Nipe tu mahali nikae naye."

Mwalimu alicheka bila kupenda. Akasema sawa, lakini nikiuma mtu tena kabla ya shule kufungwa, ndiyo kwaheri.

Kesho yake Susu akaketi dawati la nyuma, magoti karibu yaguse kidevu. Ai, aibu niliyoona! Watoto walimcheka, naye akawacheka pia. Tukiimba a, e, i, o, u, sauti yake ilizishinda zetu zote. Lakini macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu. Akiona nakunja ngumi, alinitilia nyuzi za katani kiganjani bila neno, nami nikazisokota pajani alivyonifunza, mpaka moyo ukatulia. Siku nyingine haukutulia, tukatoka nje, tukasokota kando ya ukuta, kisha tukarudi.

Shule ilifungwa nikiwa sijamuuma mtu. Mwalimu wa darasa akasema muhula ujao nije, hata peke yangu, mradi nisisahau katani yangu. Susu alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, mtoto mkubwa vile.

Mwaka huo tulikula muthokoi mtupu, mahindi yaliyotwangwa bila hata punje ya ndengu. Nilipouliza, Susu alisema, "Ndengu za mwaka huu zimekataa." Nikaamini.

Sasa nalima mwenyewe. Ndengu iliyokauka haingoji mtu, na huvunwa asubuhi tu, maana jua likiwaka maganda hupasuka na punje kumwagika mchangani. Susu hayupo tena. Jirani yetu wa zamani ndiye aliyeniambia, tukivuna pamoja: "Mwaka ule shamba lake lilizaa kabisa. Lakini asubuhi zote mwenyewe alikuwa shule."

Niliketi chini pale shambani nikalia. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikisukuma sahani, nikimwambia chakula chake hakina ladha.